Uji Unaoteleza: Shajara ya Majaribio ya Jikoni

Siku ya 1

Mradi huu una sababu moja tu. Mama yangu ameng'olewa meno kadhaa ya chini, na mpaka fizi zake zipone hawezi kula kitu chochote chenye chenga wala punje. Jana nilimpikia uji wa mahindi kama nilivyozoea kuupika kwa miaka mingi. Alikunywa vijiko vitatu, akalisogeza bakuli pembeni, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, uji wako una mchanga." Mchanga haukuwamo. Mlikuwa na madonge madogo madogo, na nilipolipasua moja kwa ukucha niliuona unga mkavu umekaa katikati kama ulivyotoka kwenye mfuko, ingawa uji wenyewe ulikuwa umechemka dakika kumi nzima.

Nimeamua kwamba kila asubuhi nitapika sufuria moja, nitabadilisha jambo moja tu, na nitaandika kilichotokea kabla sijakisahau. Vifaa ni vichache: sufuria nzito ya lita mbili, mwiko wa mbao, mchapo wa waya, mizani ndogo, na kipimajoto cha jikoni. Kianzio ni gramu 60 za unga wa mahindi kwa mililita 700 za maji, kipimo ambacho hutoa uji wa kunyweka bila kuwa maji matupu.

Ulaini nitaupima kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuinua mwiko na kutazama uji unavyoshuka, kwani uji mzuri hushuka kama utepe mmoja usiokatika, ilhali uji mbaya hudondoka vipande vipande. Ya pili ni sahani nyeusi: namimina kijiko kimoja, nainamisha sahani, na kila chenga hujitokeza uji unapoteremka. Ya tatu ni ulimi wa Mama, na huo ndio unaoamua.

Naandika pia ninachokiamini leo, ili baadaye nijue kama nilikuwa sahihi: ninaamini kwamba uji hulainika kwa maziwa, na kwamba anayetaka uji laini zaidi aongeze maziwa zaidi.

Siku ya 2

Leo nimeanza kwa kuyatafuta madonge kwa makusudi. Nilichemsha maji yote 700, nikamimina unga mkavu kwa mkupuo mmoja, nikakoroga kwa nguvu. Madonge yalitokea papo hapo, mengine makubwa kama harage, na hakuna kukoroga kulikoyavunja yote.

Sababu yake inaonekana ukilipasua donge. Sehemu kubwa ya unga ni wanga, nao wanga umo ndani ya unga kwa umbo la chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo zikiwa kwenye maji baridi hukaa zilivyo na kutulia chini, lakini zikikutana na maji ya moto hunyonya, huvimba na kunata. Fungu la unga linapoangukia maji yanayochemka, zile chembe za nje huvimba kwanza na kuwa kama gundi, na gundi hiyo huwafungia njia maji yaliyotaka kuingia ndani. Ukishaundika ukuta huo, unga wa katikati hauna tena namna ya kulowana, hata ukichemshwa saa nzima.

Sufuria ya pili niliipika kwa kuukoroga unga kwanza katika mililita 200 za maji baridi mpaka ukawa kama maziwa mazito, kisha nikaumimina taratibu kwenye mililita 500 zinazochemka huku mchapo ukizunguka. Hapakuwa na donge hata moja. Najua wapishi wengi hufanya hivyo tangu zamani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba maji ya kukorogea unga si lazima yawe baridi sana. Nilijaribu maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 yakafaa vilevile, lakini ya nyuzi 75 yalifanya madonge ndani ya bakuli kabla sijafika jikoni. Hatari inaanza pale wanga unapoanza kuvimba, na kwa wanga wa mahindi ni kati ya nyuzi 62 na 72 za Selsiasi.

Jambo jingine dogo limenisaidia. Unga ukorogwe kwanza kwa maji machache, yanayotosha kufanya rojo zito, ndipo yaongezwe maji mengine. Katika rojo zito mwiko hukutana na kila kidonge na kukisaga. Katika maji mengi vidonge huelea na kuukwepa mwiko.

Mama ameonja. Amesema madonge hayapo, ila mchanga upo.

Siku ya 4

Jana sikuandika kwa sababu nilipika sufuria ileile mara tatu bila kuelewa tatizo. Leo nimelielewa: madonge na chenga ni mambo mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Donge ni unga mwingi ulioshikana, na chenga ni kipande kimoja cha punje ya mahindi ambacho jiwe au meno ya kinu yalishindwa kukisaga. Nimeuchekecha unga wangu kwa chekecheke lenye matundu madogo kabisa, na katika gramu 60 zimebaki juu gramu 7. Nilizitandaza kwenye kiganja karibu na dirisha. Zilikuwa za aina mbili: magamba mepesi ya manjano yanayopeperuka ukiyapulizia, ambayo ni pumba, na vipande vigumu vinavyong'aa kama vioo vidogo, ambavyo ni chenga za ile sehemu ngumu ya punje. Nilitafuna chenga mbili kati ya meno ya mbele. Zilialika.

Uji uliopikwa kwa unga uliochekechwa ulikuwa laini zaidi, na Mama alikunywa nusu bakuli. Hata hivyo sipendi kulimaliza jambo hili kwa chekecheke. Pumba na vipande vya kiini vina nyuzinyuzi, mafuta na madini, na mtu anayekula chakula cha aina moja kwa wiki kadhaa anavihitaji kuliko sisi tunaotafuna. Nataka zile chenga zilainike humo humo sufuriani, zisitupwe.

Siku ya 5 hadi ya 8

Siku hizi nne nimejaribu kuloweka. Unga gramu 60 unalowekwa usiku katika mililita 200 za maji safi, bakuli linafunikwa, na asubuhi unapikwa na maji yake. Kwa saa mbili tofauti ni ndogo. Baada ya saa nane nilichukua chenga moja kutoka chini ya bakuli nikaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, nayo ikabonyea kama jibini badala ya kualika. Uji wake ulishuka kwenye mwiko kwa utepe mrefu. Huu ndio mfano wa kwanza katika mradi huu ambao sahani nyeusi haikuonyesha karibu chochote.

Siku ya 7 nilifanya kosa ambalo naliandika kwa sababu litamsaidia mwingine. Bakuli moja nililisahau mezani siku mbili. Lilikuwa limechacha, harufu yake ikiwa ya uchachu safi kama wa maziwa ya mgando, yaani bakteria wa asidi ya laktiki walikuwa wamefanya kazi yao. Uchachu wa namna hiyo si uharibifu kwa mtu anayeukusudia, na uji uliopikwa kwa unga huo ulikuwa laini kuliko wote wa wiki hii. Kosa ni kwamba niliongeza maziwa uji ukiwa unachemka. Ndani ya nusu dakika maziwa yalikatika, na uso wa uji ukajaa vipande vyeupe vilivyoelea kwenye majimaji. Kasini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, huganda pale uchachu unapofikia pH (kipimo cha uchachu) ya 4.6 hivi, na ikiwa kuna moto mkali huganda hata kabla ya hapo. Anayetaka uji wa unga uliochachuka basi aunywe bila maziwa, au aulainishe kwa kitu kingine.

Kwa uji wa kila siku nimechagua saa nane mpaka kumi za kuloweka, na jikoni pakiwa na joto bakuli linakaa kwenye friji.

Siku ya 9 hadi ya 12

Haya ndiyo majaribio niliyoyapenda zaidi. Nimeweka kipimajoto ndani ya sufuria na kuandika ninachokihisi mkononi kila joto linapopanda, bila kupika kwa saa ya ukutani.

Mpaka nyuzi 60 mchanganyiko ni maji meupe tu, na mwiko ukisimama kidogo unga unaanza kutua chini. Kwenye nyuzi 66 hivi mkono unahisi ukinzani mdogo, mdogo kiasi kwamba ukiwa unaongea na mtu hutautambua. Kati ya nyuzi 70 na 76 mambo hubadilika ghafla: ule weupe wa chokaa unapungua, uji unaanza kupitisha mwanga kidogo, na ndani ya dakika isiyotimia mwiko unakuwa mzito. Hapo ndipo mkono haupaswi kupumzika kabisa, kwa sababu uji wa chini ya sufuria umekwisha kuvimba ilhali wa juu bado ni maji, na usipouchanganya unafanya madonge mapya hata kama ulianza na rojo safi. Nilijaribu kuacha kukoroga kwa sekunde ishirini tu katika joto hilo, nikapata tabaka lililoshikana chini kama karatasi iliyolowa.

Ukipita nyuzi 90 uji unaanza kutokota. Mapovu yake ni mazito, yanapanda polepole na kupasuka kwa mlio, na kila povu hurusha matone ambayo huunguza kuliko maji kwa kuwa hunata kwenye ngozi. Mfuniko uliowekwa nusu unatosha kukinga mkono.

Wengi wetu huuepua uji hapo, pindi tu unapokuwa mzito, na hapa ndipo nadhani uji mwingi wa nyumbani unapoharibikia. Uzito si uivu. Niliuonja kila baada ya dakika tano tangu uanze kutokota. Dakika ya 5 una harufu ya unga mbichi, na ulimi unahisi unga unga kwenye paa la mdomo baada ya kumeza. Dakika ya 10 harufu imepungua. Dakika ya 15 harufu imetoweka, ila chenga bado zinajulikana. Dakika ya 25, kwa unga uliolowekwa, uji unang'aa juu kama uliopakwa mafuta ingawa hauna hata tone, na ukiukandamiza kwa ulimi haubakizi kitu. Kwa unga ambao haukulowekwa nilifika dakika ya 40 ndipo nikapata hali hiyohiyo.

Nadhani sasa naelewa kinachotokea. Chembe moja ya wanga iliyo peke yake majini huvimba kwa dakika chache tu. Lakini kipande cha unga, hata kile tunachokiona kuwa ni vumbi, ni mkusanyiko wa chembe nyingi zilizobanwa pamoja na protini, na maji hayana budi kupenya kutoka nje kwenda katikati. Zile za nje zinaiva mapema na kuufanya uji uonekane mzito. Za katikati zinaiva mwisho, na mpaka ziive ulimi utaziita mchanga. Kuloweka usiku na kupika muda mrefu ni njia mbili za kuyapa maji nafasi ya kufika katikati, ndiyo maana moja hupunguza haja ya nyingine.

Kwa sababu hiyo moto mkali hausaidii. Maji hayazidi nyuzi 100 hata ukiuongeza moto, na kinachozidi ni kuungua kwa sehemu ya chini. Baada ya uji kutokota naupunguza moto mpaka povu moja linapasuka kila baada ya sekunde mbili au tatu, na nakoroga mara moja kila dakika, nikihakikisha mwiko unakwaruza chini na kwenye kona za sufuria. Mpishi aliye mahali palipoinuka sana aongeze dakika, maana kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari.

Nilijaribu pia kuukoroga kwa mchapo bila kusita dakika zote 25, nikitumaini kuupata laini maradufu. Ulikuwa mwepesi kuliko ule wa kawaida na ulinyumbuka kama mlenda. Chembe zilizokwisha kuvimba ni dhaifu; ukizipiga sana zinapasuka na kutawanyika, na uji unapoteza kile kinachoushika. Mchapo una kazi yake mwanzoni, kabla ya nyuzi 80. Baada ya hapo ni zamu ya mwiko.

Mama alimaliza bakuli la siku ya 12 bila kusema neno, akalikomba kwa kijiko.

Siku ya 14

Leo imekuwa zamu ya imani yangu ya siku ya kwanza. Nilipika sufuria mbili kwa unga uleule uliolowekwa: moja kwa maziwa matupu tangu mwanzo, na nyingine kwa maji, maziwa mililita 150 yakiongezwa dakika tano za mwisho.

Ile ya maziwa matupu ilianza kunata chini kabla ya kufika nyuzi 80. Protini za maziwa huanza kubadilika na kushika chini ya sufuria joto likipita nyuzi 70, na pamoja na sukari ya maziwa hutengeneza ukoko wa kahawia unaotoa harufu ya kuungua katika sufuria nzima. Nilikoroga bila kupumzika na bado ukoko ulijitokeza. Lililonishangaza zaidi ni kwamba uji huo, baada ya dakika 25, ulikuwa mzito lakini wenye chenga. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, kwa hiyo katika mililita 500 za maziwa unga ulipata maji pungufu kuliko ulivyoyapata katika mililita 500 za maji, na mafuta nayo huzizunguka chembe na kuchelewesha kulowana kwake.

Sufuria ya pili haikuwa na ukoko. Uji wake ulikuwa umekwisha kulainika kwa maji, na maziwa yalipoingia yaliupa utamu na mwili mnene wa mdomoni, ule ambao mtu huuita uji wa malai. Niliyapasha maziwa kwanza yasije yakaupoza uji.

Niliyoyaamini siku ya kwanza hayakuwa kweli. Maziwa huupamba uji ambao tayari ni laini, na hayawezi kuulainisha ule uliopikwa vibaya. Nimelipigia jambo hili mistari miwili daftarini, kwa kuwa kwa miaka yote nilikuwa nikiongeza maziwa kuficha unga ambao haujaiva.

Siku ya 17

Mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha siagi, kikiingizwa baada ya kuepua, kinautelezesha uji kwa namna inayojulikana mara moja. Siagi ya karanga, ambayo karibu nusu yake ni mafuta, inafanya kazi nzuri zaidi na inashibisha, lakini isiingizwe nzima: niliikoroga kwanza pembeni kwa upawa mmoja wa uji wa moto mpaka ikayeyuka, ndipo nikairudisha sufuriani. Iliyotumbukizwa nzima ilizama ikabaki vipande.

Sukari nimejifunza kuiweka mwishoni. Nilipoiweka nyingi mwanzoni uji ulichelewa kuwa mzito, kwa sababu sukari nayo hushindania maji na wanga. Chumvi, nusu ya kijiko kidogo, naiweka wakati wowote. Limau linakuja bakulini, si sufuriani, na halikutani na maziwa.

Siku ya 20

Asubuhi hii limetokea jambo lililoniudhi kwa saa moja na kunifurahisha kwa siku nzima iliyobaki. Nilikuwa na bakuli la uji mzuri, mzito wa kutosha. Nilionja, nikarudisha kijiko kilekile bakulini, nikakoroga, nikaonja tena, kisha nikaitwa nje. Niliporudi baada ya nusu saa uji ulikuwa umelegea, umejitenga, na juu yake pamesimama maji. Uji uliobaki sufuriani, uliopikwa wakati uleule, ulikuwa mzima.

Tofauti ilikuwa ni kijiko changu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kazi yake ikiwa ni kuikata minyororo ya wanga, na uji wa uvuguvugu ni mahali pazuri mno kwa kazi hiyo. Nilirudia kwa makusudi: mabakuli mawili, moja likikorogwa kwa kijiko safi na jingine kwa kijiko kilichopita mdomoni. Baada ya dakika ishirini mtu yeyote angeweza kuyatofautisha kwa kuyaangalia tu. Tangu leo jikoni kuna vijiko viwili, cha kuchotea na cha kuonjea, na anayekula polepole kama Mama anachotewa kidogo kidogo ili sufuria ibaki salama.

Amilesi hiyohiyo imo kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Niliweka kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea cha ulezi kwenye uji mzito kupita kiasi, wa gramu 120 kwa maji yaleyale 700, baada ya kuuacha upoe mpaka nyuzi 60 hivi. Ndani ya dakika kumi ulikuwa unanyweka. Faida yake ni kubwa kwa mgonjwa asiyeweza kula bakuli kubwa: anapata unga maradufu katika ujazo uleule, badala ya kujazwa maji. Baada ya kulegea niliurudisha motoni ukachemka tena, kwanza kukisimamisha kimeng'enya kisiendelee, pili kwa usafi, maana unga wa kimea haukuwa umepikwa.

Siku ya 24

Nimepumzika mahindi na kupika oti. Gramu 60 za oti zilizobanwa, maji 600, kuloweka usiku, kutokotesha dakika 12. Ulaini wake ni wa asili nyingine. Oti ina nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, ambayo huyeyuka majini na kuyafanya mazito yenye utelezi, na hata maji ya kulowekea yalikuwa yameanza kunyumbuka kabla ya kukutana na moto. Hapa kukoroga kwingi hakukudhuru. Kulisaidia, kwa sababu kila mkoroguo ulitoa utelezi zaidi. Nilipozisaga kwenye blenda baada ya kuloweka na kabla ya kupika, uji ulipita chujio bila kubakiza kitu. Nilipousaga baada ya kuiva ulinata kama gundi, na Mama hakuupenda.

Siku ya 27

Uji uliobaki. Uliolala kwenye friji unakuwa umeganda kiasi cha kukatika kwa kisu, na juu una utando mgumu. Utando unatokana na uso kukauka, nao unazuilika kwa kufunika bakuli uji ukiwa wa moto au kumwaga kijiko cha maziwa juu yake bila kukoroga. Kuganda kunatokana na amilosi, aina ya wanga ambayo katika mahindi ya kawaida ni kama robo ya wanga wote. Uji ukiiva, amilosi hutoka kwenye chembe na kuelea majini. Uji ukipoa, minyororo yake hushikana upya na kujipanga, na kuchemsha kwa kawaida hakuifungui yote. Kwa hiyo uji wa jana haurudi kamwe kuwa uji wa jana. Unakaribia, ukiupasua kwanza kwa mchapo ukiwa baridi, ukaongeza maji ya moto robo ya ujazo wake kidogo kidogo, na kuupasha kwa moto mdogo.

Nausisitiza usalama wake zaidi ya ulaini wake. Kuna bakteria wa nafaka ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na kuamka chakula kikiachwa vuguvugu. Uji usikae mezani zaidi ya saa mbili. Ama ukae wa moto juu ya nyuzi 60, ama uende kwenye friji ukiwa umemiminwa katika chombo kipana ili upoe haraka. Kwa Mama nimeona bora kuumimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, ambamo unabaki wa moto mpaka saa nne asubuhi bila kuganda.

Siku ya 31

Hivi ndivyo ninavyoupika sasa. Usiku: unga gramu 60, maji mililita 200, yanaingizwa kwa mikupuo mitatu huku rojo likikorogwa, kisha bakuli linafunikwa. Asubuhi: maji 500 yanachemshwa, moto unapunguzwa, rojo linakorogwa upya kwa kuwa limetua chini, kisha linamiminwa kama uzi huku mchapo ukizunguka. Nakoroga bila kuacha mpaka mapovu ya kwanza. Kisha mwiko, moto mdogo, mfuniko nusu, dakika 25, na maji ya moto yakiwa karibu ya kuongezea uji ukizidi uzito; maji baridi huusimamisha uji usitokote na kuuchelewesha. Maziwa ya moto mililita 150 yanaingia dakika tano kabla ya kuepua, na sukari, chumvi na siagi vinafuata.

Leo Mama amekunywa bakuli zima akaomba la pili. Nilimuuliza kama kuna mchanga. Aliukandamiza uji kwa ulimi kwenye paa la mdomo, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kidogo. "Hakuna," akasema, "ila kesho nipikie wa ulezi."

Unga wa ulezi una ganda jembamba ambalo halitoki kwa kusaga, na nimeuona mara nyingi ukikwaruza koo hata ukiiva. Gramu 60 zimekwisha kulowekwa tangu saa mbili usiku, nyingine 60 ziko kwenye bakuli la pili baada ya kuchekechwa, na nitazipika zote mbili kabla hajaamka.